WENGI WAPE, NA MNYONGE HAKI YAKE MPENI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Mwanza. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)





Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha katika mji huu wa Mwanza, mbali na bahari yetu lakini si mbali na maji. Wengi wenu mlioketi hapa mmetoka Unguja na Pemba kuja kutafuta riziki kando ya Ziwa, na wenyeji wamekupokeeni vyema. Ninyi ni wachache katika mji wa watu wengi, na kwa hivyo suala tulilokuja nalo leo mnalijua kwa kuliishi kabla ya kulisoma karatasini. Suala lenyewe ni hili: je, wingi wa kura uamue kila jambo, hata haki ya mtu ambaye kundi lake halitapata wingi hata siku moja?

Twajua kwamba suala hili ni zito kwa chama kama chetu. Sisi ni watu wa kura. Tumepanga foleni tangu alfajiri, tumelinda masanduku, na tumeumizwa kwa ajili ya kura. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulipofutwa siku tatu baadaye kwa tangazo la Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na watu wakaitwa tena tarehe 20 Machi 2016, hatukusema neno jingine ila moja: kura za watu ziheshimiwe. Neno hilo twalisema hata leo. Lakini mtu aliyenyang'anywa kitu hupenda kukiona kitu hicho kuwa dawa ya kila maradhi. Basi na tujiulize sisi wenyewe, kabla mahasimu wetu hawajatuuliza, kura ina kazi gani na mpaka wake uko wapi.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mfano uko hapa hapa mlipo, katika mikoa hii inayolizunguka Ziwa.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 katika nchi nzima, na kati yao wenye ualbino walikuwa 16,477. Maana yake ni kwamba katika watu elfu mbili hakupatikana hata mmoja. Hakuna jimbo la uchaguzi wanaloweza kulijaza peke yao, wala kata, wala kijiji. Ndio waliokuwa wakiitwa zeruzeru njiani, na mtoto wa skuli akitupiwa jina hilo hana pa kulirudisha. Tangu mwaka 2007 likazuka balaa kubwa zaidi ya matusi. Watu hawa wakaanza kuwindwa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waovu walikuwa wakiwaambia wachimba dhahabu, wavuvi na wenye tamaa ya mali kwamba kiungo cha mwenye ualbino huleta bahati. Mwanza, Shinyanga na Kagera zikatajwa duniani kote kwa khabari hiyo. Wazazi wakawaondoa watoto wao majumbani na kuwapeleka katika skuli za bweni kama ile ya Mitindo, Misungwi, ili walale nyuma ya ukuta na mlinzi. Hapo Ukerewe, ambako nao ni watu wa kisiwa kama sisi, maji yalikuwa ndiyo ngome, kwani mtu mwovu hana budi kuvuka ziwa kabla ya kufika.

Balaa hilo halikwisha kwa siku moja. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne alichukuliwa wilayani Kwimba, katika mkoa huu huu wa Mwanza. Na tarehe 30 Mei 2024 mtoto ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu alinyakuliwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, na tarehe 17 Juni mwili wake ukaonekana umekwisha kukatwa viungo.

Sasa sikilizeni Serikali ilifanya nini mwaka 2009. Januari ya mwaka huo Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Mwezi huo huo alisema kwamba wauaji hao nao wauawe papo hapo, na alipolaumiwa kwa kauli hiyo alilia machozi Bungeni. Hatuyadharau machozi yake. Kisha, mwezi wa Machi, wananchi wa Kanda ya Ziwa, na baadaye wa mikoa mingine, wakaitwa mikutanoni kupiga kura ya siri. Kura hiyo haikuwa ya kumchagua diwani wala mbunge. Kila mtu alipewa nafasi ya kuandika katika karatasi jina la anayemdhania kuwa muuaji wa watu wenye ualbino, au jambazi, au mfanyabiashara ya dawa za kulevya, kisha akaitumbukiza sandukuni.

Nia ilikuwa njema, nasi twakiri hivyo. Mkubwa wa nchi alitaka wengi wasimame kuwatetea wachache. Lakini itazameni kazi waliyopewa wengi hao. Katika kijiji kuna mzee mmoja mkali asiyesalimia watu. Kuna mgeni aliyehamia mwaka jana. Kuna mjane mwenye shamba zuri ambalo shemeji zake walitamani. Kuna bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia moto wa mavi ya ng'ombe, na katika nchi hii ya Usukuma vikongwe wenye macho ya namna hiyo wameuawa kwa miongo mingi kwa kudhaniwa wachawi. Toeni karatasi na kalamu, mwambieni kila mtu aandike jina kwa siri. Je, sanduku litakapofunguliwa, jina litakaloongoza litakuwa la muuaji, au la yule asiyependwa? Muuaji wa kazi hiyo ni mjanja. Huenda naye alipiga kura, na huenda aliandika jina la jirani yake.

Karatasi isiyo na jina la mwandishi haiwezi kuulizwa maswali. Haiapi, haisemi iliona nini, saa ngapi, wala wapi. Mia moja za karatasi hizo hazifanyi ushahidi mmoja. Na tazameni njia iliyozaa matunda: Septemba ya mwaka ule ule, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama, watu watatu walitiwa hatiani kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, nayo ikawa hukumu ya kwanza katika kesi za namna hiyo. Washitakiwa walisimama mbele ya jaji, mashahidi wakasema, mawakili wakauliza. Mtu anaweza kuipinga adhabu ya kunyongwa, na wapo kati yetu waipingao. Lakini hatia ilipatikana kwa ushahidi, haikupatikana kwa hesabu ya mikono.

Hapo basi twajifunza mambo mawili. La kwanza, haki ya kuishi ya mwenye ualbino haikupaswa kungoja wengi waikubali. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yasema kila mtu anayo haki ya kuishi, wala haikuongeza maneno "ikiwa jirani zake watapenda". La pili, hata huyo anayeshukiwa kumuua naye analo fungu lake, kwani Ibara ya 13 yakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kuwa anayo hatia. Katiba imemlinda aliyewindwa, na imemlinda anayeshitakiwa, kwa maneno yale yale. Ukiitoboa mashua upande mmoja, maji hayatachagua abiria wa kuzama.

Mtu asiseme kwamba mambo hayo yalikwisha mwaka 2009. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Bwana Paul Makonda, aliwaita wananchi wampelekee majina ya watu wanaodhaniwa kuwa mashoga, ili wasakwe. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Lakini majina yalikuwa yamekwisha kuombwa, na khofu ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Ni karatasi ile ile ya mwaka 2009, safari hii kwa njia ya simu.

Twaona baadhi yenu mmeinama. Jambo hili ni gumu kusemwa katika mkutano wa watu wa heshima, lakini tukiliruka mtasema tulikuja kuzungumza haki za wale tu wanaohurumiwa na kila mtu. Basi na tuseme kwa adabu na kwa uwazi.

Kuhusu ndoa, dini zetu zimekwisha kusema, na mkutano huu haukuitwa kuzibadilisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imesema kwamba ndoa ni muungano wa khiari wa mwanamume na mwanamke. Na Kanuni ya Adhabu, iliyoanza na Waingereza mwaka 1930 na kuongezewa ukali mwaka 1998, inatoa kifungo hata cha maisha kwa tendo lenyewe. Wapo duniani wanaoamini kwamba ndoa ya namna hiyo nayo ni haki isiyopigiwa kura. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua hivyo mwaka 2005. Wengi katika ukumbi huu hawakubaliani nayo, na kila mmoja ana sababu zake. Nasi twawaombeni jambo moja tu: ukikataa, kataa kwa sababu zako. Sema dini yangu yasema hivi, au akili yangu yaniambia vile. Usiseme "nakataa kwa kuwa sisi ni wengi", kwani hoja hiyo ni upanga usio na mpini. Ukiushika utakukata wewe mwenyewe.

Mwataka ushahidi? Watazameni Waswisi, watu wanaopiga kura kwa kila jambo. Tarehe 29 Novemba 2009 waliulizwa kama minara ya misikiti ipigwe marufuku katika nchi yao. Nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Asilimia 57.5 ya waliopiga kura wakasema ipigwe marufuku, na ikaandikwa katika katiba yao. Ndugu zetu Waislamu wa huko hawakuua mtu wala hawakuiba. Walikuwa wachache, basi. Kisha tarehe 26 Septemba 2021 watu hao hao wakaulizwa kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana, na asilimia 64.1 wakasema waruhusiwe. Sasa yule aliyesema wingi wa kura ndio mizani ya haki ana la kusema gani? Akiipokea kura ya pili, ameiacha dini yake. Akiikataa ya pili na kuilalamikia ya kwanza, amekiri kwamba kuna mambo yaliyo juu ya hesabu. Hakuna njia ya tatu.

Nao wapenda ndoa hiyo wasijidai sana. Ireland iliikubali kwa kura ya wananchi tarehe 22 Mei 2015, lakini California iliikataa kwa kura ya wananchi Novemba 2008. Sanduku moja, majibu mawili. Sanduku laweza kutuambia watu walitaka nini siku ile. Haliwezi kutuambia haki ni ipi.

Ama kuhusu kumpiga mtu, kumvunjia mlango wake, kumtangaza jina bila ya ushahidi, kumnyima dawa hospitali, hapo hatuoni mjadala wowote. Mtu huyo, tupende tusipende mwenendo wake, ana mwili kama wetu na mama kama wetu. Mwenye kosa la kisheria ana polisi wake, ana mahakama yake, ana wakili wake. Umati wa watu si mahakama, hata ukiwa na watu milioni moja.

Kando ya Ziwa hili hili kuna jambo jingine la kututia fikra. Kule Tarime, mkoani Mara, Wakurya wana mila waiitayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akamwoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa na huyo kijana huwa watoto wa nyumba yake, wakairithi. Si ndoa ya matamanio. Ni ndoa ya boma na urithi, isije nyumba ikafungwa. Sheria ya 1971 haikuiweka mila hii katika maana ya ndoa. Je, tukiitisha kura ya nchi nzima juu yake, itakuwaje? Mtu wa Lindi, mtu wa Mkoani, mtu wa Sumbawanga, watasikia maneno "mwanamke kumwoa mwanamke", watashika vichwa, na wataifuta kabla hawajauliza ni kitu gani. Kura ya wengi mara nyingi huwa ni kura ya wasiojua.

Lakini na upande wa pili tuuseme. Katika mila hiyo wapo wasichana walioingizwa kwa amri ya wazazi na kwa tamaa ya ng'ombe, bila ya kuulizwa. Basi wachache nao wanaweza kumdhulumu aliye mchache ndani yao. Ndiyo maana twasema haki si mali ya kabila, wala ya dhehebu, wala ya kundi. Ni mali ya mtu mmoja mmoja. Tukiwatetea Wakurya dhidi ya nchi, tumtetee na msichana wa Kikurya dhidi ya baba yake.

Ndugu wanachama, mpinzani mwenye akili atasimama hapa na kutuambia: "Maneno haya ya kuwalinda wachache twayajua. Ndiyo waliyoyasema wakoloni." Na kweli waliyasema. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mamilioni ya Waafrika wakapewa thuluthi moja ya viti hivyo, na wachache wakapewa thuluthi mbili, na jambo hilo likaitwa ulinzi wa wachache. Ilibidi TANU ikae Tabora, Januari 1958, na kubishana sana kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi huo.

Jibu letu ni kwamba ule haukuwa ulinzi. Ule ulikuwa upendeleo. Mchache anayedai kiti kikubwa kuliko cha mwenzake adai makubwa, na kura za wengi zina haki ya kumwondoa. Mchache anayedai asiuawe, asifukuzwe, asihukumiwe bila ya kusikilizwa, hadai ila kile ambacho wengi wanacho tayari. Tofauti hiyo aliiona Mwalimu Nyerere mwenyewe. Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, wapo wajumbe wa Bunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Bila shaka wengi nje ya Bunge wangepiga makofi. Yeye alikataa katakata, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha jambo hilo. Hatukubaliani na kila alilolitenda Mwalimu, khasa katika mambo ya Visiwa vyetu, lakini pale alisimama palipo sawa.

Wala hatusemi kura ni kitu duni. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Bwana Salum Khalfani Barwany, kwa tiketi ya CUF, kuwa mbunge wao, naye akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kupata ubunge wa jimbo katika nchi hii. Katika miaka ile ile ya mapanga, watu wenye macho walimtazama mtu wakaiona kazi yake. Hiyo ndiyo heshima ya kura. Lakini zingatieni: Bwana Barwany alihitaji kura ili awe mbunge. Hakuhitaji kura ili awe hai.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri nzima. Zanzibar walikuwa 1,889,773. Katika kila watu mia, sisi ni watatu. Siku wingi wa kura utakapokuwa ndiyo sheria pekee, hatutahitaji kupigwa wala kutishwa. Tutahesabiwa tu, na hesabu itatumaliza. Ndiyo maana Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano imeweka kwamba mambo fulani makubwa hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara wakubali, na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali kadhalika. Kifungu hicho twakishika kwa mikono miwili, na tungependa kiwe na nguvu zaidi. Lakini kifungu hicho kinasema nini, kama si kwamba kuna mambo ambayo watu tisini na saba hawana ruhusa ya kuwaamulia watu watatu?

Basi tutakuwa watu wa namna gani, tukilidai jambo hilo kwa ajili ya Visiwa, kisha tukimnyima mtoto wa Misungwi, au bibi kizee wa Usukuma, au mtu tusiyependa hata kumtaja? Aombaye ulinzi kwa mwenye nguvu na kumkatalia mnyonge aliye chini yake haombi haki. Anaomba zamu yake ya kudhulumu.

Kwa hivyo twawaachia mambo matatu ya kuyapeleka matawini.

Kwanza, tawi lolote la chama chetu lisikubali mkutano wa kupigia kura jina la mtu, awe mshukiwa wa uchawi, wa uuaji au wa mwenendo wake. Aliyeona kitu aende polisi na jina lake mwenyewe, akaseme alichokiona.

Pili, mwanachama akiona jirani mwenye ualbino, au kikongwe anayenong'onwa, amtembelee mchana mbele ya watu, aketi naye, anywe naye chai. Umati huogopa nyumba yenye wageni.

Tatu, mjadala wa Katiba mpya ukirudi, nasi tutaendelea kuudai, madai yetu yasiwe ya Visiwa peke yake. Tudai kwamba sura ya haki za binadamu isiguswe kwa wingi mwepesi wa siku moja, iwe kwa faida yetu au kwa faida ya tusiowajua.

Wazee walisema wengi wape, na walisema kweli: wapeni wengi serikali, wapeni wengi kodi na namna ya kuitumia, wapeni barabara na skuli waziamue. Lakini wazee hao hao, kwa kinywa hicho hicho, walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chama chetu kimelilia nusu ya kwanza kwa miaka mingi. Kisiione nusu ya pili kuwa mzigo wa watu wengine.